Mchelewaji wa Wepesini

Namna Nakijwa Mshana alivyofika katika nchi ya Wepesini haina haja ya kusimuliwa. Safari ni safari, na kila aliyewahi kusafiri anajua miguu inavyovimba. Inatosha kusema kwamba alifika, kwamba alikuwa amestaafu kazi ya forodha, na kwamba kustaafu hakukuwa kumemtoa kazini. Maisha yake yote alilipwa ili asiamini. Akiona mama mjamzito anavuka mpaka, alijiuliza kama ni mimba au ni vitenge. Likipita jeneza, alitoa pole kwa wafiwa, kisha akaomba lifunguliwe. Hata kwenye harusi ya mwanawe alizitikisa zawadi sikioni kabla ya kuzipokea. Watoto wake walimpenda sana, ila walipendelea kumpenda kwa simu.

Kwa hiyo mpakani mwa Wepesini machale yalimcheza mapema. Afisa wa pale hakumuuliza habari za fedha, wala pombe, wala nyama mbichi. Alimuuliza neno moja tu.

"Mama, una kitu chochote cha zamani?"

"Cha zamani kama nini?"

"Chochote."

Akamkagua mpaka kwenye pindo la gauni. Saa yake ya mkononi, ambayo aliivaa tangu siku za unyago wa binti yake wa kwanza, ilichukuliwa kwa kibanio na kutumbukizwa kwenye pipa. Kisha, badala yake, akakabidhiwa kijipakiti kilichofungwa kwa karatasi ya kumetameta.

"Diski mpya ya kompyuta," afisa alisema. "Zawadi ya kila mgeni. Utawapa wenyeji wako. Na kumbuka, ukilala nyumba ya mtu unahesabika kuwa kipande cha nyumba hiyo mpaka utakapoondoka. Ndiyo sheria yetu."

"Na hii diski ni bure?"

"Bure kabisa, mama."

Nakijwa alikuwa amekaa kwenye madirisha ya serikali muda wa kutosha kujua kwamba hakuna kitu kinachotoka bure upande ule. Aliitia diski mkobani na kuondoka akitazama nyuma.

Mwenyeji wake aliitwa Hima, muuza mbegu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye zamani aliwahi kusoma pamoja na marehemu kaka wa Nakijwa. Watu wote wa Wepesini walikuwa na majina ya namna hiyo: Chapu, Sasa, Mara, Fasta. Shikamoo yao ilikuwa imekatwa ikabaki "shka," na ukiitikia "mba" umemaliza adabu zote. Msibani waliimba viitikio tu. Mke wa Hima, aliyeitwa Mara, aliweza kukukaribisha, kukulisha na kukusindikiza kabla hujakaa vizuri kitini. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa na jina la kizamani, naye ni mama mzazi wa Hima, Bibi Pole, aliyezaliwa kabla ya sheria za wepesi. Mikono yake ilitetemeka. Aliposalimiwa aliitikia salamu nzima, akaulizia na watoto, na mvua, na kama huko mtokako mahindi yamebeba. Nakijwa alimpenda papo hapo, na kwa sababu alimpenda akaanza kumshuku kidogo.

Sasa, katika nchi ile kila nyumba ilikuwa na kompyuta moja, iliyokaa sebuleni mahali ambapo kwingine hukaa picha ya baba mwenye nyumba. Kila asubuhi nyumba iliiandikia serikali salamu kupitia mashine hiyo. Na kila msimu Mpimaji alikuja na kisanduku chake, akakichomeka kwenye kompyuta, akaamuru salamu iandikwe mbele yake. Sheria ilikuwa fupi na Hima aliisema kwa moyo, kama mtoto anavyosema sala: "Katika kila nyumba, kipande kinachowachelewesha wengine kitatafutwa, kitatajwa, na kitabadilishwa kabla jua halijazama." Kipande hicho kiliitwa Mchelewaji.

"Sheria nzuri," Nakijwa alisema.

"Nzuri sana," Hima aliitikia, akatazama mlangoni.

Kabla ya msimu wa kipimo kila mwenye nyumba alikwenda kwenye Baraza la Maboresho kuomba vipande vipya. Hima alimchukua mgeni wake akaone. Ukumbi ulijaa. Waheshimiwa walikaa kwa vyama: waliokuwa wa Prosesa upande wa kulia, wa Memori upande wa kushoto, wa Kadi ya Picha mbele kwa sababu walipenda kuonekana. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mjane mmoja, Bi Sasa, ambaye kompyuta yake aliitumia kuwaandikia barua wanawe na basi.

Mheshimiwa wa Memori alisimama kwanza. Alisema kompyuta yenye memori ndogo ni kama fundi mwenye meza ndogo: kila akitaka msumari lazima aende stoo. Alipigiwa makofi. Mheshimiwa wa Prosesa akasimama akasema meza kubwa haimsaidii fundi mpumbavu, mjane anahitaji ubongo. Makofi zaidi. Mheshimiwa wa Kadi ya Picha akasema waliotangulia wamemdharau mama huyu.

"Leo anaandika barua," alisema. "Je, kesho wajukuu wake wakitaka kuona majoka yakipigana, kila gamba na mng'ao wake? Tuwaambie nini, waheshimiwa? Tuwaambie bibi yenu alipuuza?"

"Sina wajukuu," Bi Sasa alisema.

"Ndiyo maana tunazungumzia kesho, mama."

Wakampitishia kadi ya picha. Lakini kadi ilikuwa nene, haikuingia kwenye boksi lake, hivyo wakampitishia boksi kubwa. Boksi kubwa lilihitaji umeme mwingi, wakampitishia mtambo wa umeme. Ubao uliobeba vipande haukuelewana na mtambo, ukabadilishwa, na ubao mpya ukaikataa prosesa ya zamani, na prosesa mpya ikaikataa memori. Mwishowe mzee mmoja wa Baraza akauliza meza yake ina upana gani. Ilipojulikana kwamba meza haitoshi, na kwamba meza inayotosha haiwezi kupita mlangoni, Baraza liliamua kwa kauli moja ukuta wa mbele wa nyumba ya Bi Sasa uvunjwe. Bi Sasa alishukuru. Alikuwa amekuja kuomba feni tu, kwa kuwa ile yake ilikuwa inapiga kelele.

Nakijwa alicheka kimoyomoyo, lakini kicheko hakikudumu. Ikafika zamu ya Hima. Akaomba prosesa mpya, akapewa. Akaomba memori, akaongezewa hata asiyoomba. Akaomba taa za rangi za kuweka ndani ya boksi, kwa kuwa wengi waliamini taa zinaongeza mwendo, akapewa nyekundu na za samawati. Ndipo mheshimiwa kijana, mgeni katika Baraza kama Nakijwa, akauliza bila nia mbaya:

"Na diski je? Hujaomba diski."

Ukumbi mzima ukanyamaza. Watu wakatazama viatu vyao.

"Diski yetu ni nzima, mheshimiwa," Hima alisema.

"Ni nzima," mwenyekiti akadakia haraka. "Tuendelee."

Nakijwa aliujua ukimya wa namna ile. Ndio uliokuwa ukianguka kwenye basi zima kila alipouliza gunia la nyuma ni la nani.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Aliona mambo. Aliona kwamba kompyuta ya Hima, pamoja na prosesa yake na memori yake na taa zake kama za sherehe, ilijikokota kuwaka hadi mtu akajisahau ameifuata nini. Hilo kila mtu mwenye kompyuta nyumbani anajua sababu yake: vipande vyote vikiwa vipya na diski ikabaki ile ya zamani ya kuzunguka na kukwaruza, vingine vinakaa vinaisubiri. Kubadilisha diski ndilo jambo la kwanza ambalo hata mpwa wake wa darasa la saba angeshauri. Na diski mpya ilikuwapo! Ile zawadi ya mpakani aliwapa siku ya kwanza. Walipokea kwa mikono miwili, wakaiweka juu ya kabati. Na juu ya kabati, Nakijwa alipopanda kiti kuhakikisha, zilikuwapo nyingine, zote na karatasi zake, kama vyombo vya harusi visivyowahi kutumiwa.

Tena hawakukasirika mashine ilipochelewa. Nchi nzima ilikuwa na haraka ya kufa, lakini mbele ya kompyuta iliyokwama Hima na mkewe walikaa na nyuso tulivu, karibu za furaha.

Akaona na jingine. Jirani yao, Bi Chapu, alikuja siku moja na mumewe kuazima kinu. Mume alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa kila kitu. Bibi Pole akamuuliza kwa upole, "Na mtoto wenu mdogo, hajambo na kile kikohozi chake?" Mume yule akamgeukia mkewe, akasubiri aambiwe kama wana mtoto mdogo. Bi Chapu akajibu yeye, macho yakiwa chini.

"Huyu si mume wa yule," Nakijwa alimwambia Mara walipoondoka.

"Ni mume wake," Mara alisema. "Tangu msimu uliopita." Kisha akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Basi Nakijwa akajumlisha. Watu wanaojifanya waume za watu, diski isiyoguswa, ukumbi mzima unaotazama viatu. Kuna magendo, aliamua, tena makubwa, na yamefichwa ndani ya boksi la kompyuta ya Hima. Ilimuuma, maana alikuwa anakula chumvi yao. Lakini ilimfurahisha pia, na msimulizi hatamtetea kwa hilo. Mwili wote ulimsisimka kama enzi za kazi.

Alingoja siku ambayo kesho yake ndiyo kipimo, wakati Hima na Mara wamekwenda sokoni na Bibi Pole anapumzika chumbani. Akafunga mlango wa sebule. Akafungua boksi kwa bisibisi ya jikoni. Ndani kulikuwa kusafi, kila kipande kinang'aa, na kwenye pembe kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwa kipande cha kanga.

"Nilijua," alisema kwa sauti.

Akakifungua. Ilikuwa diski ya zamani, nzito, pembe zake zimeliwa na kutu. Kanga ilikuwa ya kuzuia mkwaruzo usisikike. Alikuwa mtu wa utaratibu, kwa hiyo kwanza alihamisha kila kilichokuwamo kwenye ile diski ya zawadi, akingoja kwa hasira na jicho moja mlangoni. Hakuona siri yoyote. Kulikuwa na picha za kipaimara, hesabu za mbegu, nyimbo za mazishi zilizorekodiwa nzima nzima. Basi siri haikuwa katika maandishi, alijiambia. Iko ndani ya chuma chenyewe. Alishawahi kukamata almasi ndani ya pasi ya mkaa. Akaiweka diski ile sakafuni, akapenyeza bisibisi kwenye ufa wake, akaibandua kama kopo la dagaa. Sahani zake za kung'aa zikatoka, moja ikapasuka. Hakukuwa na kitu.

Aliona aibu kidogo, lakini aibu ya Nakijwa haikai. Akafunga diski mpya mahali pake, akawasha mashine. Iliwaka kabla hajaondoa kidole. Akasimama pale akiwa na fahari: kama hajakamata mhalifu, angalau amewafanyia wenyeji wake hisani.

Hima na Mara waliporudi aliwaita sebuleni. "Njooni muone," alisema, akabonyeza. Kioo kikaja wazi papo hapo, na picha ya Bibi Pole siku ya harusi yake, bwana harusi amemshika mkono.

Kapu la Mara lilianguka. Nyanya zikabiringika mpaka chini ya kochi, na hakuna aliyeziokota.

"Ile ya zamani iko wapi?" Hima aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Dada, nakuomba. Ile ya zamani umeiweka wapi?"

Nakijwa alimwonyesha. Hima alichuchumaa akakusanya vile vipande vya sahani kwenye kiganja, akajaribu kuviunganisha, mtu mzima na akili zake.

"Ndiyo iliyokuwa ya mwisho," alisema.

"Ya mwisho ya nini? Niambieni mnaficha nini humu ndani!"

Mara ndiye aliyemjibu, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike alizungumza taratibu. "Tunamficha Mama."

Akamweleza. Kisanduku cha Mpimaji hakipimi mashine peke yake. Kinapima toka kitufe cha kuwashia hadi kidole cha anayeandika, kwa sababu sheria inasema kila kipande cha nyumba. Hapo mwanzo haikumdhuru mtu, mashine zilikuwa nzito kuliko watu. Kisha watu wakabadilisha memori, na prosesa, na kila kitu, wakifurahia, mpaka msimu mmoja katika nyumba moja kila kipande kikawa chepesi isipokuwa baba mwenye nyumba. Kisanduku kikamtaja. Wakamchukua kabla ya jua kuzama, wakaleta baba mwingine. Waliochukuliwa walipelekwa Ghalani, na hakuna aliyewahi kwenda Ghalani kumwona mtu wake, kwa kuwa maombi ya kwenda yanajibiwa haraka sana: hapana.

Tangu siku hiyo kila nyumba huiacha diski ya zamani ndani hadi siku ya kipimo, iwe na mwendo mbaya kuliko mtu yeyote wa nyumba hiyo. Mpimaji huitaja, huichukua, huondoka. Lakini kila msimu inakwenda moja, na mpakani haziruhusiwi kuingia. Zinakwisha.

"Bi Chapu zake zilikwisha," Mara alisema.

Nakijwa alikaa chini. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, akalia. Alitaka kusema hakujua, akaona neno lenyewe ni dogo mno, akalimeza.

"Tuazime," alisema. "Haiwezi kukosekana hata nyumba moja yenye nayo."

Mara alizunguka mtaa mzima alasiri ile. Waliokuwa nazo walisema hawana, na hakuwalaumu, kila mmoja ana mtu wake. Bi Chapu alifungua mlango nusu. "Ningekuwa nayo," alisema, "ningekuwa na mume wangu." Akafunga.

Bibi Pole alikuwa ameyasikia yote kutoka chumbani. Alitoka akijishika ukutani, akaketi karibu na Nakijwa, akamshika mkono kwa mkono wake unaotetemeka.

"Usijitese roho, mwanangu," alisema. "Nimekwisha kuishi. Huyo bibi mwingine watakayemleta, mwambieni asitie binzari kwenye maharage, Hima haipendi."

Hima alitoka nje.

Mpimaji alifika asubuhi, na wabebaji wawili nyuma yake. Nakijwa alitegemea kuona jitu, akaona mwanamume mnene wa makamo, mwenye suti iliyombana, akipumua kwa shida kwa sababu ya ngazi. Aliuchomeka waya wa kisanduku kwenye kompyuta kwa namna ya ajabu, akiusukuma kwa viganja badala ya vidole. Nakijwa aliliona hilo akaliweka akiba.

"Salamu ya msimu huu ni 'Nyumba yetu ni nyepesi,'" Mpimaji alisema. "Kila mmoja aandike. Kuanzia baba."

Hima alikalia kiti. Alikuwa na vidole vya mfanyabiashara, vyepesi, lakini asubuhi ile aliandika kama anayechimba kisima. Herufi moja, akapumzika. Herufi nyingine, akajikuna. Mara alimtazama, akaelewa: mumewe anajitoa badala ya mama yake. Uso wake ukabadilika. Alipokalia kiti yeye aliandika taratibu zaidi ya mumewe, akifuta, akirudia, akiulizia tahajia ya neno "ni." Jasho lilimtoka Hima. Katika nchi ile ambapo watu walishindana hata kufunga vifungo vya shati, mke na mume walikuwa wanashindana kuchelewa, na kila mmoja alikuwa anamkasirikia mwenzake kwa kushinda.

"Acheni upuuzi wenu," Bibi Pole alisema. "Nipisheni."

Aliandika kwa nguvu zake zote. Alijitahidi kweli, maskini, midomo imebanwa, akitaka kuwaaibisha wanawe. Vidole vilipita herufi, vikarudi, vikagonga mbili kwa pamoja. Alipomaliza, kila mtu sebuleni alijua bila kisanduku kusema.

Wabebaji walisogea.

"Bado mimi," Nakijwa alisema.

Mpimaji alimtazama. "Wewe ni mgeni."

"Nimelala humu. Mpakani mmenihesabu kipande cha nyumba, sikujihesabu mwenyewe. Nina haki ya kupimwa."

Hakungoja jibu. Alikalia kiti, kisanduku kikalia kuashiria kwamba ameanza kuhesabiwa. Akaweka mikono yake mapajani.

"Andika, mama."

"Nitaandika. Kwanza nataka kukagua chombo."

"Chombo gani?"

"Hicho kisanduku chako. Nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote, bwana. Mizani ambayo haijakaguliwa haipimi hata dagaa. Kifungue."

"Hakifunguliwi."

Nakijwa alikuwa amelisikia neno hilo kwa wenye mabegi, wenye magunia na wenye majeneza. Alitoa bisibisi ya jikoni mfukoni. Mpimaji angeweza kumzuia, mikono yake ilikuwa karibu, lakini vidole havikujikunja kushika kitu, na yeye mwenyewe alivitazama kwa woga kabla ya kuwatazama wabebaji wake.

"Tokeni nje," aliwaambia wabebaji. "Ngojeni chini."

Wakatoka. Kifuniko kikafunguka. Ndani ya kisanduku cha serikali, kati ya vipande vya kung'aa, palikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha pamba, cha aina wanayotumia akina mama kufungia maandazi. Nakijwa alikigusa. Kilikuwa kinatetemeka na kukwaruza kwa ndani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikikuta alichokuwa anakitafuta na hakutaka kukitoa.

Mpimaji alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. "Na sisi tunapimwa, pamoja na visanduku vyetu," alisema. "Nina baridi yabisi, mama. Kufunga kamba za viatu hunichukua asubuhi nzima. Nina watoto."

Bibi Pole akampa pole kamili, akamuulizia na hao watoto.

Nakijwa alirudisha kifuniko, akafunga skrubu zote, polepole, kila moja mpaka mwisho. Kisha akageuka kwenye kibodi akaandika kwa kidole kimoja: Nyumba yetu ni nyepesi. Kisanduku kikalia.

"Kilikuwa kinakuhesabia tangu ulipokalia kiti," Mpimaji alisema.

"Najua."

"Naweza kufuta tukaanza upya. Wageni huwa tunawafutia."

"Najua unaweza," Nakijwa alisema. Alikuwa anaifikiria Ghala, na watoto wake wakipiga simu isiyopokelewa. "Usifute."

Mpimaji alimtazama, akatazama kisanduku, akamtazama Bibi Pole. Akasimama kwa shida, akasema kwa sauti ya kazi, iwafikie wabebaji huko chini:

"Mchelewaji wa nyumba hii: mgeni!"

Ilikuja kujulikana njiani tu kwamba mgeni hapelekwi Ghalani. Hutupwa nje ya mpaka na kupigwa marufuku kurudi, na nyumba hupewa mgeni mwingine. Nakijwa alikuwa amepishana naye mlangoni, mwanamke mwepesi aliyenyoosha mkono kusalimia na kuuondoa kabla haujashikwa. Walipoagana Hima alimkumbatia Nakijwa. Mara alimfungia maharage yasiyo na binzari.

Lakini huko kwao hakupata raha. Mgeni mmoja hutolewa mara moja. Msimu mwingine ungekuja, na nyumba ile sasa ilikuwa nyepesi kila mahali isipokuwa kwa mtu mmoja. Nakijwa alizunguka kwa mafundi wa mji wake akinunua diski za zamani, zile zenye kukwaruza zaidi, na mafundi wakamwona amechanganyikiwa. Kisha akaketi mezani, akawakumbuka mmoja mmoja watu wote aliowahi kuwakamata, akajiuliza ni yupi aliyemsumbua zaidi kumkamata, akaiiga hila yake. Aliitia diski moja ndani ya kopo jipya la maziwa ya watoto, akalijaza unga wake, akaziba kifuniko kwa ustadi ambao angeusifia kwa mwingine kabla ya kumtia pingu. Akampa mfanyabiashara mmoja aendaye Wepesini. Na kwa kuwa alikuwa Nakijwa, hakumwamini mfanyabiashara, wala kopo, wala mpaka.

Salamu kati ya nchi na nchi ziliruhusiwa kwa kompyuta, mradi ziwe fupi. Kila alipoandika, jibu la nyumba ya Hima lilirudi papo hapo, upesi wa kutisha, na kila mara moyo ulimshuka. Nyumba ilikuwa bado nyepesi.

Siku ya kuelekea kipimo aliandika tena: Shikamoo Bibi. Akangoja. Hakuna kitu. Akapangusa kioo, akaangalia waya, akakaa tena. Mwanawe aliyekuja kumtembelea akamwambia mtandao wao mbovu huko, mama, zima ulale. Nakijwa alikuwa amekaa mbele ya kioo kitupu, machozi yanamtiririka na meno yote nje, akiomba kwa moyo wake wote jibu lisije upesi.

"Ngoja kwanza," alimwambia. "Acha lichelewe."